Daftari la kondoo: mgeni wa kichwa cheusi

Jumamosi, 1 Juni 2024

Kafika. Saa kumi na moja jioni kirikuu kimesimama getini, sisi hatuna geti ila tunasema getini, na huko nyuma juu ya magunia ya viazi ya watu kalazwa kondoo kafungwa miguu kwa kamba ya katani anaangalia mbinguni kama mtu aliyeshakata tamaa. Dereva anasema toka huko juu njia ya Kitulo hakulia hata mara moja. Mi nadhani kaganda tu, maana turubai lilifunika viazi, kondoo hakufunikwa.

Hesabu: kondoo 130,000, nauli 15,000, soda ya dereva 700. Jumla 145,700. Mume wangu kasema soda tusiiandike, nimeiandika.

Kwa anayeanzia kusoma hapa, huu ni mradi wetu mdogo wa kondoo, tuko juu kidogo ya Isyonje, ile njia panda ya kwenda Kitulo ukitokea Uyole kuelekea Tukuyu, tuna heka moja kasoro, viazi mviringo ndo vinatulisha, kabichi kidogo za kuuza, na kondoo wanne tulioanza nao mwaka jana, majike matatu na dume moja. Lengo ni kufika kumi mwisho wa mwaka kesho. Huyu ni wa tano.

Nimemwandika kwenye kaunta buku kama wenzake:

Namba: 5. Jinsi: jike. Rangi: kichwa cheusi mpaka shingoni, mwili mweupe, mkia mnene. Meno: manne makubwa mbele, kwahiyo kwenye miaka miwili hivi. Kuzaa: mara moja, kwa maneno ya muuzaji. Kupandwa: katikati ya Mei, kwa maneno ya muuzaji tena. Jina: bado.

Jumapili, 2 Juni

Nimemweka peke yake kwenye banda la kuku la zamani, atakaa humo wiki tatu. Kijana wetu wa kazi anaona namwonea, kaniambia "dada huyu analia usiku, kondoo hajazoea kulala mwenyewe", na ni kweli kondoo akiwa peke yake ni kama kaachwa na basi stendi. Ila mwaka jana niliingiza mgeni siku hiyohiyo kwenye zizi akaja na kwato mbovu, ndani ya mwezi wote wanachechemea, nilikuwa nakata kwato kila Jumamosi mpaka mikono inanuka. Safari hii hapana. Wiki tatu.

Nimemfunua kope la chini, ndani pana wekundu uliopauka, siyo mweupe kama karatasi lakini siyo mzuri. Minyoo hiyo, ile inayonyonya damu tumboni. Kapewa dawa. Jiwe la chumvi nimempa lile la kondoo, la ng'ombe nimelificha darini kabisa, maana lina madini ya shaba na kondoo shaba inakaa kwenye ini inajikusanya taratibu, unamwona mzima tu kumbe siku moja anaanguka. Jirani alimpoteza mmoja hivyo, akadhani karogwa.

Jina: bado.

Jumatano, 5 Juni

Mtu anaweza kuuliza jina la nini, kondoo ni kondoo. Na mi nilikuwa nasema hivyohivyo. Mwaka jana majike yetu matatu yalikuwa hayana majina, yote meupe meupe, ikifika siku ya dawa mume wangu ananiuliza "umempa yupi?" namjibu "yule mweupe", "mweupe yupi?", "yule mweupe mwingine". Matokeo yake mmoja kanywa dawa ya minyoo mara mbili wiki moja na mwenzake hakupata kabisa akaharisha karibu afe. Ndo tukakaa chini tukawapa majina. Hereni wanazo masikioni, na sheria ya utambuzi wa mifugo ipo toka 2010, sina ugomvi nayo, hereni inasaidia mnyama akiibiwa au akienda mnadani. Lakini hapa kwetu Juni saa kumi na mbili asubuhi ukungu umeshuka huoni hata mkono wako, huwezi kusimama mlangoni ukaita namba yenye tarakimu kama za simu.

Kwahiyo waliopo ni hawa: Matope (alinunuliwa siku ya mvua), Kiazi (alikula gunia zima la mbegu, hatujamsamehe), Mama Mkubwa (mkubwa kweli), na dume anaitwa Mwenyekiti.

Hilo la Mwenyekiti ndo limenifundisha. Mume wangu alimpa kwa utani, maana anatembea mbele wenzake wanafuata na hajui anakokwenda. Tukacheka. Mwezi wa pili mwaka huu nikawa nimesimama barabarani napiga kelele "Mwenyekiti kaingia kwenye kabichi za watu! Mwenyekiti mpigeni jiwe!" na mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe anapita na baiskeli yake, kasimama, kashuka, ananiangalia. Nimemsalimia nikapiga goti mpaka chini. Hakuitikia vizuri. Mpaka leo tukienda kwake kugongewa muhuri lazima mume wangu aende yeye.

Kwahiyo sheria ya kwanza, hakuna cheo. Ya pili, jina liwe fupi, silabi mbili, tatu kwa shida sana, kwasababu ukipiga kelele kwenye upepo huu silabi ya nne inafika Tukuyu. Ya tatu lisifanane na la mwingine. Hapo Matope na Mama Mkubwa wote wanaanza na Ma, ukiita "Ma..." wanainua vichwa wote wawili alafu wanaangaliana.

Jumapili, 9 Juni

Leo baada ya kanisa tulikaa wote, mimi, mume wangu, mama (mama mkwe, anakaa nasi), watoto wawili na kijana wetu. Chai na viazi vya kuchemsha. Nikasema leo hatuinuki mpaka mgeni apate jina.

Binti yangu wa darasa la pili kaanza: Malaika. Kaka yake wa darasa la tano kasema huyu siyo malaika, jana kamkanyaga. Akataka aitwe Ronaldo. Ni jike, tukamwambia. Akasema basi Ronalda. Tukaendelea.

Kijana wetu kasema Lusajo, kwa moyo mzuri kabisa, maana kwa Kinyakyusa ni baraka na huyu kondoo tunamtaka alete baraka. Mama akaweka kikombe chini. Akasema Lusajo, Ipyana, Atupele, Bupe, hayo mzazi anampa mtoto kwa maombi, Ipyana ni neema, Bupe ni zawadi, Atupele ni ametupa, aliyetupa ni Mungu, sasa huyu mnyama mwakani ukipata shida ya ada utampeleka mnadani, utasema leo nimeuza Neema? Au Pasaka utamla Baraka na wali? Kimya. Alafu mume wangu akaongeza la kwake, kwamba hapa mtaani akina Lusajo tunao wanne, mmoja fundi baiskeli, ukiita kondoo anakuja fundi. Hiyo ikawa sheria ya nne na ya tano kwa pamoja.

Kisha mume wangu akataja jina lake. Zuri, fupi, na nilikuwa naona anajisifu kimoyomoyo. Tatizo ni kwamba silabi mbili za mwanzo ni zilezile za jina la marehemu baba mkwe, na mimi ni mkwe, silitamki. Wenzangu wengi wa umri wangu siku hizi hawajali sana, wanataja tu, mi mwenyewe nikiwa Mbeya mjini kwenye shughuli zangu sina habari. Lakini mbele ya mama? Mama yeye kwa baba yake mkwe alifikia kubadilisha hadi maneno ya kawaida ya Kinyakyusa yanayofanana na lile jina, miaka yote, kitu kina jina lake la kila mtu na yeye ana neno lake lingine la pembeni. Na mimi ndo ningekuwa wa kumwita huyo kondoo kila asubuhi. Nikamwangalia mume wangu, yeye bado anatabasamu hajashtuka, mama ndo kaanza kucheka mpaka machozi, akamwambia "mwanangu, unataka mkeo awe bubu?" Hapo ndo kashtuka.

Hata hapa siliandiki, msinisumbue.

Mkutano umeisha viazi vilipoisha. Jina: bado.

Alhamisi, 13 Juni

Baridi. Umande umeganda mweupe juu ya nyasi, maji ya ndoo yana ngozi ya barafu juu. Nimemwongezea mabua makavu ya kulalia. Anakula vizuri, mabingobingo yaliyokatwakatwa na pumba kopo moja jioni. Kinyesi kimekuwa goroli goroli sasa, siku za kwanza kilikuwa uji.

Jina: bado.

Jumamosi, 15 Juni

Kaja mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, yuko kidato cha tatu, kichwa kimejaa baiolojia. Kafika tu bandani kasema "shemeji, Dolly. Kondoo maarufu kuliko wote duniani." Akanipa somo nimesimama na ndoo mkononi. Kwamba alizaliwa Uskoti tarehe 5 Julai 1996 kwenye taasisi ya Roslin, hakuwa na baba, walichukua seli ya kondoo mzima wakatengeneza nakala yake, mamalia wa kwanza duniani kunakiliwa kwa seli ya mnyama aliyekomaa. Nikamuuliza na Dolly maana yake nini. Akaanza kucheka peke yake, akaona aibu, mwisho kasema seli ilitoka kwenye kiwele, na wale wataalamu wakamkumbuka mwimbaji wa Marekani Dolly Parton kwa sababu ya, shemeji, wewe elewa tu. Nimeelewa. Watu wazima, makoti meupe, maabara ya mamilioni, na ikifika kwenye jina ni utani wa vijana wa kijiweni. Nikajisikia vizuri kidogo kuhusu Mwenyekiti.

Dolly lina silabi mbili, linaitika. Lakini mama kalitamka mara tatu likatoka "Doli", na doli ni midoli ya watoto, na binti yangu anayo doli moja haina kichwa. Kasema hataki wachanganywe.

Shemeji huyohuyo kanifungua macho kwenye kitu kingine. Nilimwambia muuzaji alisema huyu ana damu ya Dorper. Kumbe Dorper lenyewe ni jina la kuunganisha, waliwapandisha huko Afrika Kusini miaka ya 1930 kondoo aina ya Dorset Horn na Blackhead Persian, wakakata Dor hapa wakakata Per pale wakashona. Na huyo Persian, yani wa Uajemi, asili yake siyo Uajemi hata kidogo, ni Somalia, ndo kina kichwa cheusi hawahawa. Kwahiyo kondoo wangu kwa upande mmoja ni Msomali anayeitwa Mwajemi aliyekatwa jina akiwa Afrika Kusini alafu kaja kuuzwa Kitulo. Na mimi nahangaika na jina moja wiki mbili.

Damu ya Dorper yenyewe sina uhakika nayo, mkia mnene ule. Nimeandika "labda". Jina: bado.

Jumapili, 23 Juni

Karantini imeisha jana, leo nimemtoa. Kope limekuwa jekundu zuri, kwato safi, hakohoi.

Nilidhani itakuwa sherehe. Kiazi kamjia moja kwa moja kampiga kichwa ubavuni, paa, Matope kafuata, huyu wangu kasimama tu kama mwanafunzi aliyehamia shule katikati ya muhula. Mama Mkubwa hakujishughulisha, anakula. Mwenyekiti kaja mbio na heshima zake zote, kamnusa nyuma, kakunja mdomo wa juu kama kawaida yao, alafu kageuka kaenda zake kula. Mi hapo nimefurahi sana. Jike asiye na mimba anarudi kwenye joto kila siku 17 hivi, na toka kafika zimepita 22, bandani hakuonyesha dalili na leo dume hana habari naye. Muuzaji inaonekana alisema kweli, kwenye hili angalau. Nimehesabu siku 147 toka katikati ya Mei, napata wiki ya pili ya Oktoba.

Jioni wote wamelala pamoja, yeye kwenye kona. Na kitu kimoja nimekiona. Kopo la pumba nikiligonga anakuja kwangu kabla ya wale wengine, ila akigonga kijana wetu anasimama kwanza anamwangalia usoni ndo anakuja. Nilimsimulia shemeji kwenye simu, kanijibu kwamba Cambridge huko Uingereza mwaka 2017 walitoa utafiti, waliwafundisha kondoo kutambua sura za watu kwenye picha, mmojawapo Obama, wakaweza. Mume wangu kasema kondoo wa watu wanamjua Obama, wa kwetu hajui hata anaitwa nani. Nikamwambia kosa siyo la kondoo.

Jumapili, 30 Juni

Hakuna jipya. Kiazi kamwacha sasa. Nimelipa deni la mashudu. Jina: bado.

Jumamosi, 6 Julai

Kijana wangu wa darasa la tano kaja na hoja yenye uzito kuliko Ronalda. Kipunji. Yule nyani wa msituni mlima Rungwe, mrefu wa manyoya, anayelia kama anabweka na kukoroma kwa pamoja. Mwalimu wao kawaambia wataalamu walimgundua 2003 na dunia ikatangaziwa 2005, mwaka uliofuata wakampa jina la kisayansi, Rungwecebus kipunji. Mama akauliza, waligundua nini? Wawindaji wa huku walikuwa wanamwita kipunji siku zote, wale wageni wakaambiwa jina ndo wakaenda kumtafuta mwenye jina. Kasema kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake.

Mi nililipenda. Nikaliandika kwa penseli kabisa. Lakini kwa siku nne hakuna aliyelitumia. Kijana wetu anasema "yule mgeni", mama anasema "yule wa Kitulo", mume wangu anasema "wako yule", mimi mwenyewe asubuhi nikisahau nasema "we kichwa cheusi njoo". Jina limekaa kwenye daftari kama nguo ya mtumba uliyoipenda mnadani ukifika nyumbani haikutoshi. Nimelifuta. Jina: bado.

Pembeni tu, mama kwa sababu ya hilo "wa Kitulo" akaanza kusimulia kondoo wa sufi waliokuwa wanafugwa kule Kitulo zamani, kabla kule hakujawa kwa ng'ombe wa maziwa, na kabla sehemu nyingine haijawa hifadhi ya maua. Anasema walikuwa wanene kama magodoro na walikatwa nywele kama watu. Watoto hawakuamini. Mimi nimemwambia arudie tena kesho niandike vizuri.

Jumamosi, 13 Julai

Hii naiandika polepole kwasababu nimecheka mno.

Saa kumi jioni niko jikoni, nasikia huko zizini binti yangu anaita kwa nguvu zote "Badooo! Bado, Bado, Bado!" na kopo linagongwa. Nikajua anaongea na kaka yake, labda anamwambia bado hajamaliza kitu. Naangalia dirishani, huyu kondoo wangu wa laki na thelathini anatoka kule chini kwenye majani mbio, masikio yanapepea, anapita katikati ya Matope na Kiazi, kafika kasimama mbele ya mtoto kaingiza kichwa chote kwenye kopo.

Nikatoka. Nikamuuliza mama angu, unamwita nani? (Binti namwita mama angu, ana jina la mama yangu mzazi.) Kaniangalia kama mimi ndo sina akili. "Si huyu, Bado." Bado nani? "Mama si umeandika mwenyewe. Jina, Bado. Mimi nimesoma." Nikaenda kuchukua daftari. Kweli. Ukurasa wa kwanza, Jina: bado. Wa pili, Jina: bado. Kila tarehe, mwandiko wangu, na mtoto ndo kwanza ameshika kusoma mwaka huu, anasoma kila kitu, anasoma mfuko wa chumvi, anasoma pazia, anasoma tangazo la msiba lililopita mwezi mzima. Kumbe toka kondoo akiwa karantini yeye akitoka shule anapita na pumba kidogo mfukoni anamwita Bado, wiki sita! Sisi tunafanya vikao na kondoo ana jina lake tayari analiitikia.

Mume wangu kasema haiwezekani, hilo siyo jina, hilo ni jibu. Kaka mtu kasema kwanini yeye alikataliwa Ronalda. Mama hakusema kitu, alisimama mlangoni na khanga yake akaita kwa sauti ya chini tu "Bado". Kondoo kainua kichwa.

"Ndaga fijo," mama akasema, yani asante sana, akarudi ndani.

Nimepima kwa sheria zetu. Siyo cheo. Silabi mbili. Halianzi kama la mwingine. Siyo la maombi. Siwezi kumkosea mkwe. B ya mwanzo inapasuka vizuri na o unaweza kuivuta mpaka ng'ambo ya bonde. Nimekata mstari kwenye zile zote za nyuma? Hapana, nimeziacha, ila kwenye ukurasa wa leo nimeandika kwa herufi kubwa B.

Jina: Bado.

Jumapili, 4 Agosti

Usumbufu wa jina hili hatukuujua. Kijana wetu kaniambia asubuhi "dada, Bado hajala." Nikamwambia wape basi, unangoja nini. Kumbe wote wameshakula, ni Bado tu ndo hajala. Jioni mume wangu kauliza kwa simu "wameingia wote?" Nikamjibu "Bado." Kakata simu akidhani wako nje wote, katoka kijiweni mbio na tochi, mtu mzima anapanda kilima anahema, anafika mi niko nakunywa chai. Nilikuwa namaanisha amebaki Bado peke yake, alikuwa amekwama kwenye uzio wa mabingobingo.

Tumekubaliana tukimtaja kwenye simu tunasema "Bado kondoo". Haisaidii sana. "Bado kondoo hajaingia" nayo ina maana mbili ukiisikia haraka.

Jumamosi, 31 Agosti

Afisa mifugo kapita kwa ajili ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Mi nilikuwa nashika, kijana wetu anakamata, yeye kashika sindano na daftari langu kaliweka juu ya mwamba anasoma majina ili asiruke mtu. Matope, sawa. Kiazi, sawa. Mama Mkubwa, sawa. Kafika kwa dume kasoma "Mwenyekiti", kaniangalia juu ya miwani, kaendelea. Kafika wa tano.

"Huyu jina bado?"

"Ndiyo, Bado."

"Sasa mama, toka mwezi wa sita mpaka leo hamjampa tu? Mpeni jina, kumbukumbu zinataka ukamilifu."

"Tumeshampa."

"Anaitwaje?"

"Bado."

Kijana wetu alimwachia Mwenyekiti kwa kicheko, tukatumia nusu saa kumkamata upya. Afisa mwenyewe alipoelewa kakaa juu ya mwamba kavua miwani kafuta macho. Kwenye karatasi yake kaandika Bado, alafu pembeni kaandika "ni jina", akapiga mstari chini yake.

Kamgusa tumbo, anasema mimba ipo na inaweza kuwa mapacha ila hakuahidi. Ameshauri nimwongezee chakula wiki sita za mwisho kwasababu hapo ndo mtoto anakua kwa kasi tumboni na jike akikosa nguvu anaanguka kabla ya kuzaa. Mashudu ya alizeti nimeongeza robo kopo kuanzia leo.

Jumamosi, 28 Septemba

Kiwele kimeanza kujaa. Anatembea kwa kujipendekeza. Majirani wakipita wanauliza "kondoo wenu ameshazaa?" na watoto wanajibu "Bado!" kwa furaha kuliko inavyotakiwa, wanangoja mtu akasirike.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kazaa saa tisa usiku, bila msaada wa mtu, sisi tumekuta mambo yameisha. Mmoja, jike, kichwa cheusi kama mama yake ila ana doa jeupe juu ya pua. Afisa alikuwa na sababu ya kutoahidi. Kasimama ndani ya nusu saa, kanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, mwenyewe, kitovu nimekipaka iodini, chupa imeisha inabidi ninunue nyingine nikishuka Uyole. Bado anamlamba na kumnusa na akisogea Kiazi anakanyaga chini kwa mguu wa mbele, tap, Kiazi anarudi nyuma mwenyewe. Mama kamletea uji wa pumba wa moto, kasema mzazi ni mzazi.

Nimemfungulia ukurasa. Namba: 6. Jinsi: jike. Rangi: kichwa cheusi, doa jeupe puani. Mama: Bado. Baba: hajulikani, wa huko kwa muuzaji. Kuzaliwa: 7 Oktoba 2024.

Kwenye jina nimeacha peupe kabisa. Sijaandika neno, sijaweka alama ya kuuliza, hata mstari sijachora, na daftari nimelipandisha darini pamoja na lile jiwe la ng'ombe, maana binti yangu anatoka shule saa nane.